Sekunde Hamsini na Mbili Zinazomtesa Marlys Pospichal

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, Marlys Pospichal amesimama mbele ya televisheni ya ukumbini akiwa na rimoti tatu mikononi na ya nne ameibana kwapani. Nyuma yake wazee kumi na wanane wameshapangwa kwenye viti vyao, karibu wote wamevaa fulana nyekundu. Jikoni chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, iko tayari na mikate ya mdalasini inapakwa sukari.

Mechi inaanza saa tano kamili. Skrini inamwambia Marlys kwamba tarakimu sita zimetumwa kwenye simu ambayo namba yake inaishia na 41. Simu hiyo si yake. Ni ya mwanamke aliyefanya kazi hii kabla yake, ambaye alihamia Arizona miaka miwili iliyopita na kuacha jina lake kwenye akaunti. Kila Jumamosi Marlys humpigia, na hawajawahi kuonana.

"Ni mimi tena," anasema. "Nisomee namba, mpenzi. Polepole, maana wiki iliyopita tulichanganya nane na tatu."

Anaziandika kiganjani kwa kalamu, anaziingiza moja moja. Skrini inajibu kwamba muda wa namba hizo umekwisha. Marlys anafumba macho, anapumua, anapiga simu upya.

Ana umri wa miaka 58 na ni mratibu wa burudani katika nyumba ya wazee ya Mtakatifu Ludmila, mjini Havelka, mashariki mwa Nebraska. Mkataba wake unataja bingo, nyimbo, maua na sala. Mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, hautajwi popote. Lakini tangu mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba ana kazi moja ambayo akiikosea hasamehewi, nayo ni kuhakikisha mechi ya timu ya chuo kikuu cha jimbo inaonekana. Analipwa dola 17 kwa saa, na kwa hesabu yake kumi kati ya hizo ni za rimoti.

"Mpira wenyewe siujui," anasema. "Najua wanavaa kofia ngumu, najua wetu ni wale wekundu, basi. Lakini niulize mechi gani ilionyeshwa wapi, nitakutajia hadi za mwaka juzi."

Zamani ilikuwa chaneli moja. Ulibonyeza namba, timu ikatokea, ukaenda kula. Siku hizi mechi za vyuo zimeuzwa vipande vipande kama nyama buchani. Wiki hii iko kwenye chaneli ya taifa, wiki ijayo kwenye chaneli ya ligi, inayofuata iko mtandaoni tu kwenye huduma ya kulipia, na ile ya baada yake iko kwenye huduma nyingine kabisa, ambayo ukiilipia unapewa na filamu za kutisha ambazo hukuziomba. Saa na mahali pa kutazama mechi hutangazwa siku kumi na mbili kabla, au sita, kutegemea wakubwa wameamkaje.

Kwa msimu mzima unahitaji vifurushi vinne. Kampuni inayoendesha nyumba hii, yenye makao yake jimbo jingine, inalipia viwili. Cha tatu analipia Marlys mwenyewe, dola 11 kwa mwezi. Cha nne ni cha jirani yake, aliyempa nywila kwa sharti kwamba mke wake asijue.

Mwandishi wa makala haya naye analipia vitatu, na Jumamosi iliyotangulia mechi ilikuwa kwenye cha nne. Kwa hiyo msomaji asitarajie hapa maneno ya upole kuhusu biashara hii.

Hata hivyo, nywila si kitu kinachomnyima Marlys usingizi. Kinachomnyima usingizi ni sekunde hamsini na mbili.

Mwezi Juni, makao makuu yalikata televisheni ya waya ili kubana matumizi, yakaleta kisanduku cha mtandao. Picha inayopita kwenye kisanduku hicho huchelewa. Marlys ameipima mara tano kwa saa ya mpishi ya kupimia mayai: tukio likitokea uwanjani, redio inalisema papo hapo, na televisheni inalionyesha baada ya sekunde hamsini na mbili.

Kwingine pengine hilo si jambo. Huku ni msiba, kwa sababu watu wa rika lile hawasikilizi sauti ya televisheni wakati wa mechi. Wanaizima na kufungulia redio. Ndivyo walivyofanya majumbani mwao maisha yao yote, na ndivyo wanavyofanya hapa.

Na kwa Leland Uhlir, mwenye miaka 86, hilo si suala la mazoea. Leland haoni. Macho yalimwisha miaka tisa iliyopita.

"Wale wa televisheni wanaongelea gofu na wake zao," analalamika. "Hawasemi mpira uko wapi. Wanadhani kila mtu ana macho. Wa redio anajua simwoni."

Kiti cha kushoto cha Leland ni cha Orville Tiedtke, mwenye miaka 88. Orville anaona hadi senti iliyoanguka chini ya meza, lakini hasikii. Masikio yake yaliliwa na kelele za mafeni ya kukaushia mahindi, na vile vifaa vya kusikilizia anavyovaa vinapiga miluzi kuliko vinavyomsaidia. Ukitaka kumwambia jambo, unamwandikia kwenye kibao kidogo cheupe anachoning'iniza kwenye kitembezi chake, fremu anayoiegemea akitembea.

Mashamba yao yalitenganishwa na uzio mmoja. Kwa miaka arobaini na moja walikaa bega kwa bega uwanjani, upande wa kaskazini, safu ya sitini na tatu. Mmoja alipopoteza macho na mwingine masikio, hawakuacha. Walitafuta namna. Leland husikiliza redio huku mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya goti la Orville. Kugonga mara moja maana yake tumesogea mbele. Mara mbili, tumepoteza mpira. Akilibana goti kwa kiganja chote, tumefunga. Orville naye hutazama na kumsimulia Leland kwa sauti ya kiziwi, yaani kwa sauti ambayo hata mpishi anaifuatilia mechi akiwa jikoni: nani ameanguka, nani anachechemea, kocha amevua kofia.

Msimu huu sekunde hamsini na mbili zikaingia kati yao. Leland anagonga goti kabla picha haijafika. Orville anayajua matokeo ya kila mchezo kabla ya kuuona, na akimaliza kuusimulia, Leland ameshausikia zamani, yuko kwenye mwingine.

Katikati ya Oktoba mechi iliamuliwa na mkwaju wa mwisho. Kwenye skrini wachezaji walikuwa bado wanajipanga wakati mkono wa Leland ulipoteleza kutoka kwenye goti na kulala kwenye kiti. Orville akajua mpira umekwenda nje. Akasimama. Marlys anayakumbuka maneno yake neno kwa neno, kwa sababu ukumbi mzima uliyasikia.

"Nikikwambia kitu sasa unaitikia kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Huna haja na mimi, Leland. Una redio."

Tangu siku hiyo Orville hakurudi ukumbini. Alihamia meza ya dirishani wakati wa chakula. Halafu akamwandikia binti yake Renae, anayeishi Scottsbluff, mpaka wa magharibi wa jimbo, kwamba yuko tayari kuhamia nyumba ya wazee ya huko, jambo ambalo binti huyo alikuwa amemwomba kwa miaka mitatu akikataliwa. Chumba kikapatikana. Renae angekuja Jumatatu na karatasi.

"Scottsbluff ni saa sita kwa gari," anasema Marlys. "Mmoja ana themanini na sita, mwingine themanini na nane. Akienda wataonana wapi tena? Utasema wapigiane simu. Mmoja hasikii."

Kwa hiyo alikuwa na Jumamosi moja.

Alishaanza kuhangaika mapema. Aliandikia makao makuu akiomba antena ya paa, ya zamani, ambayo haicheleweshi picha. Akajibiwa baada ya siku tisa kwamba bima hairuhusu kitu chochote juu ya paa. Mechi nyingi zisingeonekana kwenye antena hata hivyo, lakini angalau angejua kuna mtu amemsikiliza. Aliuliza kituo cha redio kama anaweza kuwapata mtandaoni, ambako nao huchelewa. Wakamwambia haki za mtandaoni za mechi si zao, hurusha muziki tu.

Akapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya kisanduku. Alipigwa danadana kwa dakika arobaini, kutoka idara hadi idara, akisikilizishwa kinanda.

"Nikamweleza yule kijana vizuri kabisa. Nikamwambia nina mzee kipofu na mzee kiziwi, na wanaachana kwa sababu ya sekunde hamsini na mbili. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha."

Mwishowe aligundua kuna kifaa kidogo kinachoweza kuichelewesha redio ili ilingane na picha. Alikinunua kwa pesa yake, kikafika Alhamisi. Alisoma kikaratasi cha maelezo mara nne akitumaini amekosea kusoma. Kinachelewesha hadi sekunde thelathini. Zinabaki ishirini na mbili.

Hapo ndipo Leland alipotoa wazo lake. Alisema ataziweka hizo ishirini na mbili kichwani. Atasikia, atahesabu, ndipo agonge. Wafugaji wa huku huhesabu sekunde kwa ng'ombe: ng'ombe mmoja, ng'ombe wawili, hadi ng'ombe ishirini na wawili. Marlys alimfanyisha mazoezi Ijumaa yote na saa ya mayai. Alikosea kwa sekunde moja tu.

Jumamosi asubuhi Marlys aliandika kwenye kibao cha Orville: NJOO LEO. NIMETENGENEZA. Anakiri kwamba huo ulikuwa uongo wa sekunde ishirini na mbili.

Saa tano kasoro dakika mbili, tarakimu kutoka Arizona zinakubali. Uwanja unatokea kwenye skrini, mwekundu kote, na wazee wanapiga makofi kana kwamba Marlys ndiye aliyeujenga. Orville anaingia na kitembezi chake, anaketi kwenye kiti chake bila kumsalimia mtu. Mkono wa Leland unatafuta goti na kulipata. Orville hausukumi.

Nusu ya kwanza inakwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Leland ananong'ona ng'ombe wake kama mtu anayesali rozari, midomo ikicheza, na anapogonga, picha iko pale pale. Orville kwanza anatazama kimya. Mnamo robo ya pili anashindwa kujizuia.

"Namba sabini na moja amekalia mtu," anatangaza. "Amemkalia kabisa. Hainuki."

Leland anacheka. Marlys amesimama ukutani, ameshika rimoti zote nne kifuani.

Alichokisahau, na anasema bado anajilaumu, ni kwamba kiziwi husoma nyuso. Robo ya tatu, timu ikiwa yadi mbili kutoka mstari wa mwisho, Leland anasikia jambo kwenye redio. Mkono wake hautikisiki. Midomo inaanza ng'ombe mmoja, ng'ombe wawili. Lakini uso umeanguka, na Orville alikuwa anamtazama yeye, si skrini.

"Tumeudondosha," Orville anasema. Kwenye televisheni mchezaji bado ameukumbatia mpira kwa mikono miwili.

Sekunde kadhaa baadaye mpira unadondoka. Orville anavuta kitembezi chake na kuinuka.

Marlys anaanza kumwendea, hajui atamwandikia nini, na wakati huo huo picha inakwama. Mchezaji amebaki hewani, miguu juu, na katikati ya tumbo lake kile kiduara kinazunguka na kuzunguka. Marlys anatamka neno ambalo gazeti hili halichapishi. Anabonyeza rimoti ya kwanza, ya pili, anachomoa waya, anauchomeka. Kiduara kinaendelea.

Wazee wengine wanageukia redio, kwao hakuna kilichoharibika sana. Aliyepotelewa na mechi yote ni mmoja tu. Orville amesimama katikati ya ukumbi anaangalia skrini iliyokufa na midomo ya watu wanaosikia.

"Nini kinatokea?" anauliza kwa sauti yake kubwa. "Mpira uko kwa nani?"

Leland haoni kwamba picha imekwama. Anajua tu kwamba goti halipo. Anapapasa kiti kitupu, anamuuliza Marlys rafiki yake yuko wapi, na Marlys anamwambia amesimama, na televisheni imekufa, haoni kitu. Leland ananyoosha mkono hewani, upande ule ule wa kushoto, na kuuacha hapo.

Ulikaa hapo muda mrefu. Mwandishi hakuwa na saa ya mayai, lakini zilikuwa zaidi ya ishirini na mbili.

Orville anarudi kuketi. Mkono unashuka kwenye goti na kugonga mara moja.

"Tumesogea," anasema Orville, na anaitazama ile picha iliyoganda. Kisha anaanza kusimulia. "Amepita kushoto. Huyu ni yule mfupi, lazima. Beki amemfungulia njia, mmoja amemshika jezi, haachii."

Hakuna hata kimoja alichokiona. Leland, ambaye redio imemwambia habari nyingine, anacheka hadi mabega yanatikisika. Analikamata goti na kulisukuma kuelekea kulia.

"Kulia, basi," anasema Orville. "Lakini jezi amemshika."

Waliendelea hivyo dakika kumi na moja, kipofu akigonga na kiziwi akisimulia mechi ambayo wote wawili hawaioni, wakibishana kwa goti. Wenzao waliokuwa karibu walipunguza redio kidogo ili wamsikie Orville.

Picha iliporudi, ilirudi kwanza na tangazo la dawa ya viungo, ndipo mechi. Ukumbi ulishangilia. Orville aliiangalia kidogo, akaona mchezo ambao goti lake lilikuwa limeshamweleza, akamwashiria Marlys amsaidie. Walikigeuza kiti pamoja, mgongo ukaelekea televisheni.

Timu ilifungwa ishirini kwa kumi na saba. Chili ilikuwa imepoa.

Alasiri Marlys alipiga tena simu huduma kwa wateja kulalamika kuhusu zile dakika kumi na moja. Waliomba radhi na kumpa filamu moja ya bure.

Jumatatu saa saba mchana Renae akafika na gari kubwa la kubebea vitu. Ni mwanamke mpole, na uvumilivu wake ulikuwa unaelekea mwisho. Baba yake alisoma alichoandikiwa kwenye kibao, akakifuta kwa kiwiko, akasema hawezi kuondoka katikati ya msimu.

"Baba, nimeendesha saa sita," alisema Renae, akasahau kuandika, ikambidi aandike.

"Basi una njaa," alijibu Orville. "Jumatatu kuna supu."

Mwishowe walikubaliana. Chumba cha Scottsbluff kitashikiliwa hadi timu imalize mechi zake. Mechi ya mwisho kwenye ratiba ni Ijumaa, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Baada ya hapo atakwenda, ametoa neno lake, na Orville Tiedtke si mtu wa kugeuka.

Marlys anayaeleza haya akiwa kwenye ofisi yake, ambayo pia ni stoo ya mipira ya mazoezi na miti ya Krismasi. Imebaki mechi tatu. Ya Jumamosi ijayo imeshatangazwa kwamba itakuwa kwenye huduma ya tano, ambayo hajawahi kuisikia, na inataka kadi ya benki kabla hata ya kukuonyesha bei.

Lakini kuna jambo jingine amelijua wiki hii, na ameliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza. Timu ikishinda mechi sita kwa msimu hupewa mechi moja ya ziada, mwishoni mwa Desemba, huko kusini kwenye joto. Hadi sasa imeshinda nne. Alimuuliza Leland mara mbili kama mechi hiyo huhesabiwa kuwa ni ya msimu, na Leland akamwambia bila shaka inahesabiwa. Akamwandikia Orville swali hilo hilo kwenye kibao, naye akatikisa kichwa kukubali, bila kumtazama usoni.

Kwa miaka miwili ya kazi hii, kila asubuhi Marlys amekuwa akilifungua gazeti kwenye ukurasa wa vifo. Siku hizi anaanza na msimamo wa ligi, kidole kikishuka mstari kwa mstari hadi aipate timu ambayo bado hajui kanuni za mchezo wake.

"Sitaki ubingwa," anasema. "Washinde mbili tu. Wanipe Desemba."